Kilwa Kisiwani kwa mguu na baiskeli: mwongozo kamili wa siku moja

Wageni wengi wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale kusini mwa Tanzania, hukaa saa mbili tu. Wanashuka, wanapiga picha ngome iitwayo Gereza, wanaingia Msikiti Mkuu, wanarudi Kilwa Masoko, mji ulio ng'ambo, kula chakula cha mchana. Mara ya kwanza na mimi nilifanya hivyo, nikaondoka sijaliona kasri la Husuni Kubwa wala sijaongea na mtu yeyote wa kijijini. Tangu hapo nimerudi mara kadhaa, na kila mara nimepata sababu ya kukaa zaidi. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kukipa kisiwa siku nzima, kuanzia mashua ya alfajiri hadi maji ya jioni. Shika hili mapema: safari ya Kilwa hupangwa kwa maji, na mengine yote hufuata.

Kwanza, angalia mwezi

Kabla hujakata tiketi ya basi, tazama mwezi uko wapi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi mbali wala hayashuki mbali. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo maji uliyoyaona Jumatatu si ya Alhamisi.

Siku nzuri kwa safari hii ni zile mbili tatu baada ya mwezi mpevu au baada ya mwandamo. Asubuhi mapema maji bado yako karibu na pwani, kwa hiyo unapanda mashua bila taabu. Kuelekea adhuhuri yanakwenda mbali, unaona mwamba wote ukiwa wazi na akina mama wameinama wakichokoa pweza. Ikifika saa kumi jioni yamesharudi, na mashua inakuchukua karibu na mchanga mkavu.

Kosa hapa lina gharama. Safari moja sikuuliza. Niliporudi pwani mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, na nahodha akaniambia nisubiri maji au nitembee hadi kwenye chombo kingine kilichokuwa kwenye kina kirefu. Nikatembea. Maji yalikuwa ya magoti, chini tope na chaza wenye ncha kali, na nilifika na jeraha kwenye kisigino lililonisumbua wiki nzima. Ukilazimika kupita majini namna hiyo, usivue viatu, na buruta miguu badala ya kuinyanyua. Samaki aitwaye taa hulala mchangani, na ukimgusa kwa kuburuta huondoka, ukimkanyaga, atakuchoma.

Kuhusu msimu, Juni hadi Oktoba ndiyo miezi bora. Upepo wa kusi unavuma, jua halichomi sana, nyasi kwenye magofu zimeshuka na unaona misingi ya kuta. Machi hadi Mei ni masika, na shida huanzia barabarani. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga na abiria wakakwama. Desemba hadi Februari unaweza kwenda, ila joto la mchana ni kali na lazima uanze mapema zaidi.

Lala Masoko usiku wa kuamkia safari

Kilwa Masoko iko takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Unapita Mbagala, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, kisha Somanga, hadi njia panda ya Nangurukuru. Hapo barabara kuu inaendelea Lindi na Mtwara, nawe unakunja kushoto kuelekea baharini. Kama basi lako linakwenda Lindi, shuka Nangurukuru utafute gari dogo la Masoko. Huwa hayakosekani mchana.

Usijaribu kutoka Dar na kuvuka siku hiyo hiyo. Utafika umechoka, jua liko utosini, na ofisi ya kibali inakaribia kufungwa. Fika mchana, maliza mambo ya kibali na chombo, nunua maji ya kunywa, lala.

Kibali, kitambulisho na mwongoza wageni

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Siku hizi yanasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Huvuki kwenda kuyazuru bila kibali, na kibali kinapatikana Masoko. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti kabisa na cha mgeni kutoka nje. Malipo yanafanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa simu au benki, kwa hiyo hakikisha simu ina salio na chaji. Tunza risiti, maana utaulizwa.

Mchukue mwongoza wageni, na ukiweza mpate aliyezaliwa kisiwani. Hili nalisisitiza kwa sababu ya yale yasiyoandikwa kwenye vibao: kisima kipi bado kinatumika, njia ipi imeziba baada ya mvua, kaburi lipi watu wanalizuru hadi leo. Mwambie siku moja kabla kwamba unataka siku nzima na kwamba unataka kuanzia Husuni. Wengi wamezoea ziara fupi, na usiposema watakupitisha njia fupi.

Baiskeli au miguu?

Ukiniuliza, nitakujibu miguu ndani ya magofu, baiskeli kati ya sehemu na sehemu. Kisiwa ni kidogo na hakina barabara ya lami. Kuna vijia vya mchanga na udongo vinavyopita kati ya minazi, mibuyu na mashamba ya mihogo. Mtu mwenye afya anafika kila sehemu iliyotajwa hapa kwa miguu bila shida. Baiskeli inakuokolea nguvu kwenye kipande cha kijijini hadi Husuni, na inakuwezesha kwenda ndani zaidi ya kisiwa, ambako wageni hawafiki.

Baiskeli ikodi Masoko. Chukua ile ya kawaida ya Phoenix yenye tairi pana na karia. Baiskeli nyembamba ya lami itakwama mchangani. Kabla hujalipa, finya breki zote mbili, zungusha pedeli uone kama mnyororo unaruka, bonyeza tairi kwa dole gumba. Omba pampu, viraka na gundi, kwa sababu miiba ipo na kisiwani usitarajie kukuta fundi anakusubiri. Mchanga ukiwa laini, punguza upepo kidogo kwenye tairi, kaa upande wa nyuma wa kiti, na usikate kona ghafla. Ukizidi ulaini, shuka usukume. Watoto watakimbia nyuma yako. Gonga kengele taratibu na upunguze mwendo mbele ya kila nyumba.

Mengine ya kubeba ni maji lita tatu kwa mtu, kofia, chumvi na sukari za maji ya kunywa, ndizi au mihogo ya kuchemsha, bendeji, kanga au kikoi. Viatu viwe vya kufunga. Ndara hazifai kwenye mawe ya matumbawe.

Kuvuka

Kutoka bandari ya Masoko unakiona kisiwa kwa macho. Mkondo ni mwembamba, na mashua ya tanga yenye upepo mzuri hukuvusha kwa nusu saa hivi. Ya injini ni dakika chache. Wakazi huvuka kila siku kwa chombo cha pamoja, nawe unaweza kupanda nao, ila kina saa zake na lazima usubiri kijae. Kwa siku nzima ni afadhali kukodi.

Zungumza na nahodha mwenyewe, usipitie kwa mtu wa kati. Muulize, "Kaka, maji yanakupwa saa ngapi leo, na wewe unataka tuwe pwani saa ngapi?" Jibu lake ndilo ratiba yako. Hakikisha majaketi ya kuokolea yapo na yanafunga, moja kwa kila mtu, na livae. Mlipe nusu kwenda, nusu kurudi.

Baiskeli ilaze ubavu wa kulia juu; upande wa mnyororo ukiwa chini hutafurahi: maji ya chumvi hukusanyika ndani ya chombo. Basi mnyororo uwe juu, na funga gurudumu la mbele kwa kamba lisizunguke mawimbi yakipiga. Ondoka saa moja asubuhi, ikiwezekana kabla.

Shuka Gereza, lakini usisimame hapo

Chombo kinafunga karibu na Gereza, ile ngome unayoiona tangu majini. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaiacha. Kuta unazoziona sasa kwa sehemu kubwa ni za wakati wa Waarabu wa Oman, miaka mia tatu baadaye. Neno lenyewe gereza tumelipata kwa Kireno, na kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Angalia ubavu ulio upande wa bahari: maji yamekula kona yake. Mmomonyoko wa namna hii ulikuwa miongoni mwa sababu za magofu haya kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Baada ya kazi ya miaka mingi ya kuimarisha kuta na kulinda ufukwe, yaliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014.

Piga picha yako na uondoke. Gereza utaliona tena jioni, na mwanga wa jioni unalifaa zaidi.

Husuni Kubwa kabla ya jua kali

Pita kijijini, toa salamu, chukua njia ya mashariki inayofuata ufuko kwa juu. Kwa miguu ni mwendo usiozidi saa moja hata ukisimama simama. Hakuna vivuli vingi, ndiyo maana nasema uanzie huku.

Husuni Kubwa ni kasri. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya mwinuko unaotazama bahari, na maandishi yaliyopatikana hapo yanamtaja Sultani Al-Hassan bin Suleiman, yule yule aliyempokea msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, mwaka 1331. Ina vyumba karibu mia, na inaonekana haikumalizwa wala haikukaliwa kwa muda mrefu. Anza upande wa kusini kwenye ua mpana uliozungukwa na vyumba vya mizigo, kisha nenda kaskazini kuelekea baharini. Ukifuata mpangilio huo unatembea kama mgeni wa wakati ule: kwanza mali, halafu baraza la Sultani, halafu maskani yake.

Katikati utakuta birika la kuogea la pembe nane, limechimbwa chini, lina ngazi. Keti ukingoni. Kila pembe imesawazishwa kwa chokaa laini kama ganda la yai, na hakuna tone la saruji. Mafundi walikuwa na aina mbili za mawe. Kwa kuta walitumia jiwe gumu la nchi kavu. Kwa nakshi za milango na vibla walikata matumbawe hai kutoka baharini, ambayo yakiwa mabichi huchongeka kwa urahisi kama muhogo, na yakikauka hushika kabisa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo. Ukishajua hivyo, kila ukuta kisiwani unausoma: hapa fundi alikuwa na haraka, hapa alikuwa na siku nzima.

Mwisho wa kaskazini kuna ngazi zinazoteremka kwenye ufuko. Maji yakiwa yamekupwa, shuka utazame kasri kutoka chini. Usipande juu ya kuta kutafuta picha. Zimesimama miaka 700 na hazikujengwa kubeba watu.

Ukirudi, tazama njia unayoikanyaga. Siku moja baada ya mvua niliona kigae cha kijani, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kinang'aa kwenye udongo mwekundu kama kimeoshwa asubuhi ile. Ni vyombo vya China na vya Uajemi, vilivyovunjika mikononi mwa watu wa hapa. Nilichuchumaa nikakitazama, nikakiacha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuviondoa. Hata kama ingekuwa haikatazi, kigae kilichohamishwa hakimwambii mtafiti lolote, bali kilichoachwa mahali pake kinamwonyesha nyumba ilikuwa wapi na ya lini. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimepatikana hadi Zimbabwe Kuu, na tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Tunajua bandari hii ilijulikana mbali kiasi gani kwa sababu ya vitu vidogo kama hivyo.

Husuni Ndogo iko jirani, ukuta wa mstatili wenye minara kwenye pembe. Dakika kumi zinatosha.

Msikiti Mkuu, na muda wa kukaa kimya

Ukirudi magharibi utafika Msikiti Mkuu jua likiwa juu, na hilo ndilo kusudi langu: ndani kuna kivuli. Vua viatu ukitaka; wengi wetu huvua hata kama paa limeanguka sehemu.

Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani, mwanzo wake ni karne ya 11. Ilikuwa ndogo, na paa lake lilikuwa bapa. Kusini yake ni upanuzi wa karne ya 14, wakati dhahabu kutoka Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipitia hapa na mji ukawa na uwezo. Upanuzi huo uliporomoka, ukajengwa upya karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane, zikabeba matao, kuba na mapaa ya mviringo kwa kupokezana. Simama katikati, zungusha shingo juu, uhesabu kuba zilizobaki. Halafu fumba macho dakika moja. Upepo wa kusi ukipita kwenye matao una sauti yake, ya chini, nami siku zote huiwekea muda.

Kusini magharibi kuna msikiti mdogo wenye kuba, wa karne ya 15, na ndio uliohifadhika vizuri kuliko majengo yote ya kisiwani. Tazama dari. Kuna matundu ya mviringo, na kwenye chokaa imebaki alama ya kitako cha bakuli. Yalipachikwa mabakuli ya kijani na buluu ya Uajemi, mwanga ukiingia mlangoni yakawa yanameta juu ya vichwa vya waliokuwa wakisali.

Kutoka hapo ni Msikiti wa Jangwani, makaburi ya masultani, na mwisho Makutani, jumba kubwa la karne ya 18 ndani ya ngome yenye kuta ndefu, lililo karibu na mikoko. Kwenye jumba hili usipite haraka bila kuuliza habari yake. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Mwongoza wageni asipokutajia, muulize wewe. Uzuri wa kuba na habari hiyo ni vya kisiwa kimoja, na mgeni anastahili kuvipata vyote.

Kijijini

Hapa wanaishi watu, wavuvi na wakulima, na magofu yako kati ya nyumba zao. Ingia kwa "Hodi" na "Assalaam alaikum". Mkubwa kwako mpe shikamoo kabla ya neno lingine lolote. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume na wanawake, na ndiyo sababu nilisema ubebe kanga. Picha ya mtu au ya nyumba yake iombwe. Ijumaa adhuhuri kila kitu kinasimama kwa ajili ya swala, basi panga kupumzika nawe. Mwezi wa Ramadhani usile wala usinywe njiani. Jifiche ndani ya kivuli cha mbali, au chukua safari nyingine.

Chakula uagize asubuhi unaposhuka. Mwambie mwongoza wageni akupeleke kwa mama anayepika, umwambie idadi yenu na mlipe kitangulizi cha kununulia samaki. Ukirudi saa nane utakuta wali wa nazi na pweza au changu, na hela imebaki kisiwani. Madafu nunua kwa kijana atakayekuangulia mbele yako.

Kama una baiskeli na nguvu zimebaki, baada ya chakula nenda na mwongoza wageni ndani ya kisiwa kupitia mashambani. Hakuna kibao wala gofu kubwa. Kuna mibuyu, mikorosho, na mzee atakayekuuliza umetoka wapi. Geuza saa tisa na nusu, hata kama njia bado inavutia.

Kurudi

Saa kumi uwe Gereza. Hesabu watu na baiskeli, kagua kama mmeacha chupa yoyote ya plastiki, maana takataka zinazobaki kisiwani hazina pa kwenda. Alasiri kusi huwa imekolea na mkondoni kuna mawimbi madogo. Weka simu ndani ya mfuko usiopitisha maji na ukae chini upande atakaokuambia nahodha.

Masoko, kabla ya kurudisha baiskeli, imwagie maji baridi ndoo mbili, hasa kwenye mnyororo na spoku, uifute na uiwekee mafuta. Chumvi ya siku moja inatosha kuanza kutu, na mwenye baiskeli atakukumbuka kwa wema ukirudi. Kama una siku ya pili, muulize nahodha usiku huo huo kuhusu Songo Mnara: ni safari ndefu zaidi, unashukia kwenye mikoko na kutembea majini, na maji yake ya kesho asubuhi ameshayajua.